Stanleyville, Novemba 1964: Uokoaji Uliosubiri Msafara wa Vita

Katika visa vya Vita Baridi barani Afrika, ni vichache vilivyobishaniwa kwa uchungu kama kisa cha askari wa miamvuli wa Ubelgiji walioshuka katika mji wa Stanleyville, ambao leo unaitwa Kisangani, alfajiri ya tarehe 24 Novemba 1964. Askari walikuwa wa Ubelgiji, lakini ndege zilizowabeba na marubani walioziendesha walikuwa wa Marekani. Serikali za nchi hizo mbili zilieleza kwamba kazi ile ilikuwa ya kuokoa roho za watu wasio na hatia, na kwamba ingekwisha kwa siku chache. Serikali nyingi za Afrika huru ziliona humo ukoloni ukirudi kwa mlango mwingine. Kila upande ulikuwa na sehemu yake ya ukweli, na uchambuzi huu haukusudii kuwapatanisha. Hoja yake ni nyembamba zaidi, nayo inahusu tarehe: siku ya kuwaokoa mateka haikuchaguliwa kwa kutazama hali ya mateka peke yake, bali pia kwa kutazama mwendo wa msafara wa vita uliokuwa barabarani ukipanda kutoka kusini. Anayetaka kujua Marekani ilikuwa ikifanya nini Kongo mwaka ule anapaswa kuanzia kwenye msafara huo.

Historia ya awali inajulikana, hivyo itatosha kuigusa. Ubelgiji iliikabidhi Kongo uhuru tarehe 30 Juni 1960 huku jeshi la koloni, Force Publique, likiwa halina ofisa hata mmoja Mkongo. Siku chache baadaye jeshi liliasi, na tarehe 11 Julai Moïse Tshombe alitangaza kujitenga kwa Katanga, jimbo la shaba na kobalti, akiungwa mkono na maofisa wa Kibelgiji na kampuni ya madini ya Union Minière. Waziri Mkuu Patrice Lumumba aliondolewa madarakani Septemba, akakamatwa, na tarehe 17 Januari 1961 akauawa huko huko Katanga. Umoja wa Mataifa uliovunja utengano huo Januari 1963 ulikuwa umechoka na umefilisika, na askari wake wa mwisho waliondoka tarehe 30 Juni 1964. Kwa hiyo nchi ilitimiza miaka minne ya uhuru ikiwa na serikali moja kwa jina, na jeshi ambalo raia waliliogopa kuliko adui zake walivyoliogopa.

Uasi ulikuwa umekwisha kuanza. Pierre Mulele, aliyekuwa waziri katika serikali ya Lumumba na aliyepata mafunzo China, aliuwasha moto huko Kwilu, magharibi mwa nchi, Januari 1964. Upande wa mashariki, Gaston Soumialot alijipanga kutoka Bujumbura, na kuanzia Mei miji ilianguka mmoja baada ya mwingine: Uvira, Albertville ambayo sasa ni Kalemie, kisha Kindu, na mwanzoni mwa Agosti Stanleyville yenyewe, mji uliokuwa ngome ya wafuasi wa Lumumba. Wapiganaji walijiita Simba, wengi wao vijana wazungumzaji wa Kiswahili kutoka Maniema na maeneo ya jirani, na waliingia vitani wakiwa wamechanjwa dawa na kupiga ukelele wa maji ya Mulele, wakiamini kwamba risasi zingegeuka maji. Msomaji wa Tanzania hahitaji kuelezwa imani hiyo imewahi kuonekana wapi, ingawa ni vyema kukumbuka kwamba katika Kongo ya 1964 dawa ile ilifanya kazi kwa muda, kwa kuwa askari wa serikali nao waliiamini, na mara nyingi walizitupa silaha zao na kukimbia kabla ya vita kuanza.

Haifai kuwapamba Simba. Manung'uniko yao yalikuwa ya kweli: uhuru ulikuwa umewatajirisha wanasiasa wachache wa Leopoldville, mji mkuu ambao sasa ni Kinshasa, askari walipora vijiji, na kiongozi wao Lumumba alikuwa ameuawa pasipo mtu yeyote kuadhibiwa. Hata hivyo, walipoushika mji waliwasaka makarani, walimu, wanasiasa wa vyama vingine na yeyote aliyeonekana kuwa msomi wa serikali ya zamani, na wengi wao waliuawa hadharani mbele ya mnara wa Lumumba. Wakongo waliouawa kwa namna hiyo katika maeneo ya Simba walikuwa maelfu. Sehemu hii ya kisa huachwa na wale wanaotaka uasi ule uwe mapinduzi safi, na wale wanaotaka uwe ushenzi mtupu huigeuza kuwa kisa kizima.

Julai 1964 lilitokea jambo lililogeuza mgogoro wa ndani kuwa mgogoro wa bara zima: Rais Kasavubu alimwita Tshombe kutoka uhamishoni na kumfanya Waziri Mkuu. Mtu aliyejaribu kuivunja Kongo sasa alipewa kazi ya kuiunganisha. Kwa viongozi wengi wa Afrika jina lake lilikuwa limefungamana na kifo cha Lumumba, na walipokutana Cairo mwezi huo hawakutaka aketi pamoja nao. Alipothubutu kwenda huko Oktoba kwa mkutano wa nchi zisizofungamana na upande wowote, aliwekwa kizuizini katika jumba la wageni. Tshombe aliwarudisha askari wake wa Katanga waliokuwa wamekimbilia Angola, kisha akaajiri mamluki weupe, wengi wao kutoka Afrika Kusini na Rhodesia, chini ya Mike Hoare. Mtu hahitaji kuwa mjamaa ili kuelewa jinsi sura hiyo ilivyoonekana Dar es Salaam, Algiers au Accra: makaburu walikuwa wakilipwa mshahara kuwaua Waafrika katika ardhi ya Afrika huru.

Marekani ilifanya nini? Stanleyville ilipoanguka, Averell Harriman, mwanadiplomasia mkuu wa Marekani, aliruka hadi Brussels kuzungumza na Paul-Henri Spaak, Waziri wa Mambo ya Nje wa Ubelgiji, na mgawanyo wa kazi ukapatikana. Ubelgiji ingetoa maofisa na washauri, na Marekani ingetoa ndege, magari na fedha. Shirika la ujasusi la CIA lilikuwa na ndege za T-28, na baadaye za B-26, zilizorushwa na Wakuba waliomkimbia Fidel Castro. Ndege kubwa za C-130 za Jeshi la Anga la Marekani zilihamisha mafuta, risasi na watu. Yote haya yalikuwa halali kwa maana ya karatasi, kwa sababu serikali iliyotambuliwa ya Leopoldville iliyaomba. Pia yalikuwa rahisi kisiasa. Agosti hiyo hiyo Rais Lyndon Johnson alikuwa amepata idhini ya Bunge ya kutumia nguvu za kijeshi Vietnam baada ya kisa cha Ghuba ya Tonkin, Novemba alikuwa na uchaguzi, na hakuna aliyetaka kuwaeleza wapiga kura kwa nini vijana wa Marekani wafe Kongo. Uingiliaji huu ulibuniwa ili usiwe na maiti za Wamarekani, na usipokuwa na maiti hauhitaji kutetewa mbele ya wananchi.

Chini ya mpango huo Kanali Frédéric Vandewalle, Mbelgiji aliyewahi kuongoza idara ya usalama enzi za ukoloni, alikusanya mamluki, askari wa Katanga na malori akaunda kikosi cha kusonga kaskazini. Kindu ilitekwa tarehe 5 Novemba. Baada ya hapo kila mtu mwenye ramani alijua kwamba kikosi hicho kitafika Stanleyville kabla ya mwisho wa mwezi.

Ndani ya mji walikuwamo wageni zaidi ya 1,000, wengi wao Wabelgiji, wakiwemo wamishenari, wafanyabiashara na watoto. Balozi mdogo wa Marekani, Michael Hoyt, na wafanyakazi wake wanne walikuwa wamefungwa tangu Agosti. Yupo pia Dakta Paul Carlson, mganga wa misheni ya kijiji cha Wasolo katika Ubangi, ambaye redio ya waasi ilimwita jasusi na meja wa jeshi la Marekani, ikatangaza kwamba amehukumiwa kifo, na kisha ikaahirisha hukumu hiyo mara kwa mara. Wageni hawa hawakuwa mateka wa vita siku ya kwanza. Walizidi kuwa hivyo kadiri mabomu yalivyoanguka, kwa kuwa uongozi wa Christophe Gbenye, aliyejitangaza rais wa Jamhuri ya Watu wa Kongo Septemba, haukuwa na ndege wala mizinga ya kutungulia ndege. Silaha pekee iliyobaki mikononi mwao ambayo Washington na Brussels zingeiogopa ilikuwa wageni hao. Kusema hivyo si kuwatetea. Kumshika mtoto ili kuzuia bomu ni uovu. Ni kueleza tu kwamba tishio lililotumika kuhalalisha uingiliaji lilikuwa, kwa kiasi kikubwa, tunda la uingiliaji uliokuwa umekwisha kufanyika kimya kimya kwa miezi mitatu.

Hapo ndipo Nairobi inapoingia, nayo ni sehemu ya kisa inayostahili nafasi kubwa kuliko inayopewa kwa kawaida. Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU), uliokuwa na umri wa mwaka mmoja na miezi michache tu, ulikutana Addis Ababa Septemba 1964 na kuunda tume ya Kongo chini ya uenyekiti wa Jomo Kenyatta, wakati huo Waziri Mkuu wa Kenya. Tume ilituma ujumbe Washington, ukiongozwa na Joseph Murumbi, kuiomba Marekani isimamishe misaada ya kijeshi ili upatanishi upate nafasi. Rais Johnson hakuwapokea. Walizungumza na Dean Rusk, Waziri wa Mambo ya Nje, wakarudi bila ahadi yoyote. Katika diplomasia, mjumbe anayerudishwa barazani anaelewa amewekwa daraja gani, na hilo lilieleweka kote barani.

Novemba, msafara ukiwa njiani, njia ya mazungumzo ilifunguliwa tena. Thomas Kanza, mmoja wa Wakongo wachache waliokuwa na shahada ya chuo kikuu wakati wa uhuru, alifika Nairobi kama msemaji wa Stanleyville. Tarehe 23 Novemba alikutana na William Attwood, balozi wa Marekani nchini Kenya, mbele ya Kenyatta na Diallo Telli, katibu mkuu wa OAU. Msimamo wa Attwood ulikuwa kwamba mateka waachiwe bila masharti, na kwamba yeye hakuwa na mamlaka ya kuzungumzia vita. Kanza naye hakuwa na jambo la kubadilishana isipokuwa mateka, na alichotaka ni msafara usimame. Kila mmoja aliombwa kutoa kitu pekee alichokuwa nacho kabla ya kupewa chochote. Inawezekana sana kwamba Gbenye alikuwa akivuta muda, kama Wamarekani walivyodai. Waasi walikuwa wakishindwa, na anayeshindwa hupenda mazungumzo. Lakini upande wa pili ulikuwa ukivuta muda vilevile. Wakati Attwood akizungumza na Kanza, ndege 12 za C-130 zilikuwa zimekwisha tua katika kambi ya Kamina, kusini mwa Kongo, baada ya safari iliyoanza Ubelgiji, ikapitia Hispania na kisiwa cha Ascension ambacho Uingereza ilikitoa kwa ajili hiyo. Zilikuwa zikisubiri Vandewalle akaribie.

Kwa nini zilisubiri? Jibu la kijeshi lina maana: askari wa miamvuli zaidi ya 300 wanaweza kuushika uwanja wa ndege na kufika katikati ya mji, lakini hawawezi kuushika mji wote na kisha kuondoka salama pasipo mtu wa kuupokea. Jibu hilo ndilo linaloufichua mpango. Aliyeandaliwa kuupokea mji alikuwa Tshombe pamoja na mamluki wake. Kuanzia hapo haiwezekani tena kutenganisha uokoaji na ushindi wa upande mmoja katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, hata kama kila askari wa miamvuli aliyeruka aliamini kwa moyo wake wote kwamba anakwenda kuokoa watoto. Wengi wao, bila shaka, waliamini hivyo.

Mambo ya asubuhi ile yaliandikwa sana kwa sababu mashahidi wengi walinusurika. Wabelgiji wa Kanali Charles Laurent walishuka karibu saa kumi na mbili alfajiri kwenye uwanja wa gofu kando ya uwanja wa ndege. Katika Hoteli Victoria, Simba waliwatoa mateka wapatao 250 hadi barabarani, wakawaketisha chini, na milio ya bunduki ilipokaribia baadhi yao wakaanza kufyatua risasi. Waliokufa pale au kwa majeraha yao walizidi 20, pamoja na Carlson, aliyepigwa risasi akijaribu kupanda ukuta. Askari walifika dakika chache baadaye. Hoyt na wenzake walisalimika. Kabla ya adhuhuri msafara wa Vandewalle uliingia mjini. Siku mbili baadaye shambulio la pili lilifanyika Paulis, ambayo sasa ni Isiro, na mateka mia kadhaa wakatolewa. Kwa jumla wageni waliosafirishwa kutoka miji hiyo miwili walizidi 1,800.

Operesheni mbili nyingine, za Bunia na Watsa, zilikuwa zimepangwa lakini zikafutwa, kwa kuwa makelele ya dunia yalikuwa yamepanda na serikali zote mbili zilitaka Wabelgiji waondoke haraka. Wageni waliobaki katika maeneo yaliyokuwa bado mikononi mwa Simba, hata wale wa ng'ambo ya pili ya mto hapo hapo Stanleyville, waliuawa kwa wingi katika siku na wiki zilizofuata. Mtu anaweza kusema kwamba wangeuawa vyovyote vile. Anaweza pia kusema kwamba kuwashukia mateka wa mji mmoja ni kuwahukumu wa mji wa pili. Hesabu hiyo haina jibu, ila ni haki kuikumbuka kila inapodaiwa kwamba roho za watu ndizo zilizokuwa kipimo cha kila uamuzi.

Kisha wapo Wakongo wa Stanleyville. Wabelgiji walipoondoka, mji ulibaki mikononi mwa jeshi la serikali na mamluki, na kulipiza kisasi kulifanyika nyumba kwa nyumba. Kijana yeyote wa umri wa kupigana angeweza kuhesabiwa kuwa Simba. Waliokufa walikuwa maelfu, na hakuna aliyewaandika majina. Mateka wa kigeni wanajulikana kwa majina, umri na misheni zao, na hilo ni haki yao. Ninachotilia shaka ni uokoaji ambao kumbukumbu zake zinaweza kujazwa bila kuwataja wenyeji wa mji uliookolewa.

Afrika haikujibu kwa sauti moja kama inavyosemwa mara kwa mara. Nijeria, kwa mfano, ilishikilia kwamba serikali halali ina haki ya kuomba msaada popote, na Tshombe kweli alikuwa ametoa idhini ya maandishi tarehe 21 Novemba. Lakini hasira ilikuwa kubwa zaidi. Mwalimu Nyerere alilifananisha tendo lile na shambulio la Japani dhidi ya Marekani huko Pearl Harbor, akikusudia kwamba lilifanywa wakati mazungumzo yakiendelea, na kwa Mmarekani hakuna mfano unaouma kuliko huo. Kenyatta, ambaye hakuwa na hamu ya kugombana na nchi za Magharibi, alikuwa amefanywa aonekane mjinga nyumbani kwake. Baraza la Usalama lilijadili jambo hilo kuanzia tarehe 9 hadi 30 Desemba, na maneno ya mawaziri wa Afrika yalimshtua Adlai Stevenson, balozi wa Marekani katika Umoja wa Mataifa, aliyezoea kuonekana rafiki yao. Azimio namba 199 lililotoka mwishoni lilitaka uingiliaji wa nje ukome, mapigano yasitishwe, mamluki waondolewe haraka, na OAU isaidiwe kutafuta suluhu. Mamluki hawakuondoka.

Matokeo yake katika Afrika Mashariki yalikuwa ya karibu sana. Serikali ambazo awali zilikuwa zikisitasita sasa ziliruhusu silaha na watu wapite. Aprili 1965 Che Guevara alivuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma akiwa na kikosi cha Wakuba waliopewa majina ya namba za Kiswahili, yeye mwenyewe akiitwa Tatu, na kwa miezi saba alijaribu bila mafanikio kuwafundisha wapiganaji wa upande wa Laurent Kabila; juu yao, katika ndege za CIA, walikuwamo Wakuba wa upande mwingine. Februari mwaka huo ndege za serikali ya Kongo zilikuwa zimeshambulia kwa mabomu vijiji vya Goli na Paidha, ndani ya Uganda. Uganda ilijiingiza zaidi, na dhahabu na pembe za ndovu za waasi zilipitia mikononi mwa ofisa aliyeitwa Idi Amin. Hoja iliyotolewa Bungeni Kampala Februari 1966 kuhusu dhahabu hiyo ilimfikisha Milton Obote kwenye kukamata mawaziri wake watano na kuifuta katiba. Hakuna aliyeketi Brussels na Harriman aliyekuwa akifikiria Uganda.

Kwa kipimo cha Washington, mambo yalifaulu. Uasi wa mashariki ulivunjika mwaka 1965, na tarehe 24 Novemba, mwaka mmoja kamili baada ya miamvuli kufunguka, Joseph-Désiré Mobutu aliwaondoa Kasavubu na wanasiasa wote waliokuwa wakigombana, akatawala hadi Mei 1997. Hakuwafukuza mamluki mara moja, kwa kuwa jeshi lake lilikuwa bado halijaweza kusimama bila wao. Julai 1967 baadhi yao, wakiongozwa na Jean Schramme na Bob Denard, waliasi huko Kisangani na Bukavu, na safari hii serikali iliyokuwa hatarini ilikuwa ya Mobutu mwenyewe. Johnson alituma ndege tatu za C-130 kumsaidia Mobutu kuwasafirisha askari wake dhidi ya watu wale wale ambao ndege za namna hiyo zilikuwa zimewahudumia mwaka 1964. Baraza la Seneti la Marekani, likiwa limekwisha kujifunza Vietnam inaanzaje, lilimuuliza kwa ukali kwa nini. Maswali hayo yangekuwa na faida zaidi kama yangeulizwa miaka mitatu nyuma, wakati Kindu ilipotekwa na ndege zilikuwa bado hazijaondoka Ubelgiji.